Anayetoa na Anayechukua: "Lend" na "Borrow" kwa Msomaji wa Masaku

"Borrow me your pen." Sentensi hii husemwa Machakos kila siku: darasani, kwenye foleni ya benki, hata katika ofisi ambako watu wenye digrii mbili hawaoni haya kuitumia. Anayeisikia hutoa kalamu na kazi ikaendelea. Ndiyo maana kosa hili halifi. Halimgharimu mtu chochote pale linapotamkwa, na mwalimu anayelisahihisha huonekana mtu wa kujisumbua bure. Gharama yake iko mbele, kwenye karatasi za mkopo, za shamba na za udhamini, ambako ukishindwa kujua nani anatoa na nani anachukua, huenda ukalipa deni ambalo hukulila. Nataka tufike huko, ila njia inaanzia kwenye kalamu.

"Lend" ni kitenzi cha mwenye kitu: kitu kinatoka mkononi mwake kwa muda. "Borrow" ni kitenzi cha mhitaji: kitu kinamjia kwa muda. Jembe ni lile lile na watu ni wale wale wawili; kinachobadilika ni nani unamtaja kwanza katika sentensi. Jirani akinipa jembe lake nilimie leo, yeye ndiye "lent", mimi ndiye "borrowed". Ukisema "my neighbour borrowed me a jembe" umemgeuza mwenye jembe kuwa mwombaji, na wewe uliyeomba ukawa ndicho kitu kilichoazimwa.

Walimu wengi hulaumu uvivu. Sikubaliani nao. Mtoto wa Kathiani au Mwala anayesema "borrow me" anafuata kanuni, na kanuni yenyewe ni nzuri, ila si ya Kiingereza. Sisi tunazoea mzizi mmoja wenye viambishi vinavyoonyesha upande. Nakopa, nakopesha. Napanga nyumba, napangisha nyumba. Nakodi pikipiki, nakodisha pikipiki. Kikamba kina mtindo uo huo: kumanya ni kujua, kumanyisya ni kufundisha, na kwimanyisya ni kujifunza, yaani kujifundisha mwenyewe. Mzizi haubanduki, viambishi ndivyo vinavyokuambia nani anafanya na nani anafanyiwa. Mtoto aliyelelewa na lugha hizi mbili anapokutana na "borrow" anangoja ndugu yake anayefanana naye, hamwoni, basi anamtumia huyo huyo kwa kazi zote mbili. Kiingereza badala ya kuongeza silabi mwishoni kinakwenda kutafuta neno jingine kabisa: "borrow" huku, "lend" kule, "learn" huku, "teach" kule. Ndiyo maana anayesema "borrow me" mara nyingi ndiye atakayesema "our teacher learned us well".

Halafu kuna kitenzi kuazima, ambacho ndicho chanzo hasa. Kiswahili chenyewe kinakiruhusu kielekee pande zote mbili. "Niazime jembe lako" ni sahihi, na "nimeazima jembe kwa jirani" ni sahihi vilevile. Mwenye jembe anaazima, na mwomba jembe anaazima. Anayetaka kuondoa shaka husema kuazimisha, lakini wengi hatuoni haja, kwa sababu viambishi vya nafsi vinatosha: ni- ile iliyo mbele ya kitenzi inakuambia mimi ndiye ninayepewa. Sasa chukua "niazime kalamu" uihamishe neno kwa neno. Hiyo hapo "borrow me a pen", imetoka nzima nzima.

Waingereza wenyewe hawako salama sana. Zipo sehemu za Uingereza ambako watoto husema "can I lend your pencil", kosa lile lile likiwa limegeuzwa upande, na walimu wao hulalamika kama wetu. Kijerumani kina kitenzi kimoja, "leihen", kinachotosha kwa anayetoa na anayechukua, kama kuazima kwetu, na hakuna Mjerumani anayeonekana mjinga kwa hilo. Kwa hiyo mzazi, mtoto akikosea, usimcheke mbele ya wageni. Mwonyeshe tu kwamba amevuka mpaka, na kwamba upande huu sheria ni nyingine.

Namna ya kumwonyesha ni rahisi kuliko vitabu vingi vya sarufi vinavyodai. Tazama neno linalofuata kitenzi. "Lend" haisumbuki kufuatwa na mtu: lend me, lend him, lend us, lend your brother. "Borrow" hukataa. Baada yake huja kitu, kisha "from", kisha mwenye kitu: "I borrowed a panga from my uncle." Basi mtoto akiona ulimi wake unataka kusema "me", "him", "us" au "them" mara tu baada ya kitenzi, ajue kitenzi kinachohitajika ni "lend". Sikio hulizoea jambo hili upesi. Wakati uliopita pia una mtego mdogo: "borrow" huwa "borrowed", lakini "lend" huwa "lent". "Lended" haipo, ingawa utaisikia.

Kwa walimu wa Gredi ya 4, pale Kiingereza kinapoanza kuwa lugha ya kufundishia masomo mengine baada ya miaka mitatu ambayo sera inataka lugha ya eneo itumike, ningeshauri jambo moja tu. Msifundishe vitenzi hivi kwa orodha ubaoni. Waiteni watoto wawili mbele, mmoja awe na rula. Rula ihame mkono. Darasa liseme tendo hilo mara mbili, kwanza likimtaja aliyetoa, kisha likimtaja aliyepokea, halafu rula irudi na wabadilishane. Mtoto aliyeona kwa macho kwamba tendo moja lina sentensi mbili hatasahau. Aliyekariri "lend: azimisha, borrow: azima" atasahau kabla ya kengele ya chakula.

Wanafunzi wa sekondari nao wana sababu ya kujali. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 10 za kujaza mapengo, na karatasi ya pili ina alama 15 za sarufi. Jozi za vitenzi kama hizi hupenda kukaa mahali kama hapo. Na hata zisipotokea huko, barua rasmi iko katika karatasi ile ile ya kwanza, na barua yenye "kindly borrow us your hall" inamfanya msahihishaji aweke kalamu chini na kuvuta pumzi.

Kuhusu adabu, kwa kuwa wengi huuliza: "Could you lend me" na "May I borrow" zote ni sahihi na zote zina heshima. Tofauti ni kwamba ya kwanza inazungumzia atakachofanya mwenzako, na ya pili inazungumzia utakachofanya wewe. Kwa mkubwa wako mimi ningechagua ya pili, haimpi kazi. Lakini hilo ni pendekezo la mtu mmoja, si kanuni.

Iko sentensi moja ya kijijini inayowatatiza hata wanaojua. Kuna harusi au matanga, na mama wa nyumba anamtuma kijana: "Kaniazimie viti kanisani." Hapa anayeazima ni kijana, mwenye viti ni kanisa, na atakayekalisha wageni ni mama. Watu watatu. Kiambishi -i- katika niazimie kimebeba sehemu kubwa ya habari hiyo. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo, kinahitaji maneno mawili madogo: "Go and borrow some chairs for me from the church." "For" ni ya atakayefaidi, "from" ni ya mwenye mali. Ukiacha moja, hadithi inavunjika. Kikumbuke kiambishi hiki, kwa sababu tutakutana nacho tena kwenye fedha, na huko hakuna viti.

Mpaka hapa Kiingereza kimeonekana kuwa lugha makini na sisi ndio wa kuchanganya. Si kweli. Kiswahili kina tofauti ambayo "lend" na "borrow" haziijui kabisa, nayo ni tofauti kati ya kuazima na kukopa. Ukiazima jembe, unarudisha jembe lile lile. Ukikopa kikombe cha sukari, hurudishi sukari ile, maana imeshanywewa. Unarudisha nyingine ya kipimo kile. Fedha hukopwa, haziazimwi, kwa sababu noti utakayorudisha si ile uliyopewa. Wanasheria wa Roma ya kale waliona tofauti hii na wakaipa kila aina jina lake na kanuni zake. Kiingereza cha kawaida hakijisumbui: jembe ni "lend", sukari ni "lend", fedha ni "lend".

Na tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Kilichoazimwa bado ni mali ya mwenyewe, kiko tu mkononi mwa mwingine. Kilichokopwa kimeshakuwa mali ya aliyekopa. Anachodaiwa ni mfano wake. Sasa tuseme mtu wa Masinga anampa shemeji yake wa Yatta ng'ombe mmoja wakati wa kiangazi, na kwa kuwa wote wamesoma, wanaandikiana karatasi kwa Kiingereza: "I have lent him one cow." Mwaka unapita, ng'ombe anazaa. Ndama ni wa nani? Maziwa yaliyonyweka yana deni? Ng'ombe akifa kwa ukame, hasara ni ya nani? "Lent" hailijibu swali hata moja. Wangeandika kwa Kiswahili kwamba ng'ombe ameazimwa, kila mtu angejua ni ng'ombe huyo huyo anayengojwa, na mazungumzo ya ndama yangeanza mapema. Wangeandika kwamba amekopeshwa, kila mtu angejua kinachodaiwa ni ng'ombe, yeyote wa kufanana naye. Ushauri wangu kwa watu wawili wanaoandikiana: kama ni lazima muandike "lend", ongezeni sentensi ya pili inayosema kinachorudi ni kitu kile kile au mfano wake, lini, na kilichozaliwa njiani ni cha nani.

Babu zetu hawakuhitaji karatasi kwa mengi ya haya. Mwethya, kile kikundi cha kazi ambacho Wakamba wamechimbia matuta ya mashamba kwa miaka mingi, kilikuwa mkopo wa jasho: leo wote kwangu, kesho wote kwako, na kila mtu anakumbuka nani hakutokea. Vyama vya akina mama wa leo vimerithi roho hiyo, ila vimeingiza fedha, na fedha zimeleta katiba. Nimesoma katiba kadhaa za vyama, nyingi zikiwa za Kiingereza kilichonakiliwa kutoka chama kingine. Utakuta kifungu kinachosema "members shall lend money from the group" pale walipotaka kusema wanachama watakopa kutoka kwa kikundi. Kwa maneno hayo wanachama ndio wanaokopesha. Siku mtu akikataa kulipa na wenzake wakafungua katiba, kifungu kinamwonyesha yeye akiwa mdai. Hakimu mwenye busara ataelewa nia yao, lakini kwa nini umwachie hakimu kazi ya kukisia ulichotaka kusema?

Tukienda kwenye nyumba na mashamba, Kiingereza kinageuka. Pale ambapo "lend" na "borrow" hutenganisha pande kwa ukali, "rent" na "lease" hazitenganishi hata kidogo. Mwenye nyumba wa Mua au Katoloni "rents" nyumba yake, na mpangaji naye "rents" nyumba ile ile. Hapa Kiingereza ndicho kinachofanana na kuazima kwetu, na sisi wenye kupanga na kupangisha ndio makini. "Let" ndicho kitenzi cha upande mmoja tu, cha mwenye nyumba, na ndiyo maana mabango ya TO LET yamejaa kwenye mageti ya mji. Ukikutana na "rent" au "lease" kwenye mkataba, usikitegemee kitenzi. Tafuta majina ya wahusika.

Majina hayo yana siri ndogo inayostahili kujulikana na kila mtu anayetia sahihi. Mara nyingi huja kwa jozi, moja likiishia na -or na jingine likiishia na -ee. Mwenye -or ndiye anayetoa kitu kinachotajwa katika neno lenyewe, na mwenye -ee ndiye anayekipokea. "Lessor" anatoa "lease", yaani ni mwenye nyumba au shamba. "Lessee" anapokea, ndiye mpangaji. Katika hati ya uwakilishi, "donor" ni anayetoa mamlaka, "donee" ni aliyepewa. Hadi hapo ni rahisi.

Ugumu unakuja na "charge". Hilo ndilo neno ambalo Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inalitumia kwa ardhi inapowekwa dhamana ya mkopo. Mtu anakwenda benki, anapewa fedha, na kwenye hati anaona ameitwa "chargor". Anajiuliza: si benki ndiyo inayotoa? Benki inatoa fedha, ndiyo. Lakini neno halizungumzii fedha, linazungumzia mzigo uliowekwa juu ya ardhi, na anayeutoa huo ni mwenye hatimiliki. Benki ndiyo "chargee". Kwa hiyo kila unapoona -or, usiulize nani anatoa fedha. Uliza: kitu kilichotajwa katika neno hili ni kipi, na kinatoka kwa nani?

Na tazama jambo jingine. "Chargor" na "borrower" si lazima wawe mtu mmoja. Mzee wa Kangundo anaweza kuweka hatimiliki yake ili mwanawe apate mkopo wa lori. Mwana ni "borrower". Mzee ni "chargor". Fedha zote zimeingia kwa mwana, na shamba linaloweza kuuzwa ni la mzee. Nimesikia wazee wakieleza kwamba wao "walitia tu sahihi". Kwenye hati hakuna kitenzi kinachoitwa kutia tu sahihi. Kama ardhi hiyo ndiyo makao ya ndoa, sheria hiyo hiyo inataka mwenzi aweke sahihi au kuwe na ushahidi kwamba amekubali, kwa hiyo mama wa nyumba asikubali kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya wanaume. Na mkopo ukikwama kwa kutolipwa, benki haiwezi kuamka asubuhi na kuuza: lazima itoe notisi ya miezi isiyopungua 3 ya kulipa, kisha notisi nyingine ya siku zisizopungua 40 kabla ya kuuza. Ukipokea barua ya namna hiyo usiifiche chini ya godoro. Hizo siku ndizo nafasi yako ya kutafuta wakili na kuzungumza.

Sasa turudi kwenye kile kiambishi cha niazimie. Kiswahili kina kukopea: kuchukua mkopo kwa ajili ya mtu mwingine. Ni tendo la kila siku. Mwalimu mwenye payslip anamkopea ndugu asiye na payslip. Binti mwenye laini ya simu yenye kiwango kizuri cha mkopo anamkopea rafiki. Kwa Kiswahili kitenzi kinamkumbuka yule rafiki; yumo ndani ya neno. Kwa Kiingereza cha hati, hayumo. "Borrower" ni mwalimu. "Borrower" ni binti. "For my brother" haiandikwi popote, na hata ikiandikwa haimhamishii ndugu deni. Ukimkopea mtu, ujue mbele ya aliyekukopesha wewe ndiye uliyekopa, na mbele ya yule ndugu wewe ndiye uliyekopesha. Una mikopo miwili kwa wakati mmoja, mmoja ukiwa na karatasi na mwingine ukiwa na ahadi ya mdomo. Kama ni lazima umsaidie, mwandikishe ule wa pili: kiasi, tarehe, sahihi yake, na shahidi asiye wa nyumba yenu.

Udhamini ni jambo jingine, ingawa watu huuchanganya na huko kukopea. "Guarantee" ni kuahidi kwamba mtu asipolipa, utalipa wewe. Kitenzi "borrow" chenyewe kina ukoo na jambo hili, maana kilitokana na neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha dhamana. Mdhamini hachukui wala hatoi fedha siku ile, na hapo ndipo anapodanganyika. Mwenzake wa kazini anamjia na fomu ya sacco: "Nishuhudie hapa tu." Kushuhudia ni "witness", na shahidi anathibitisha kwamba aliona sahihi ikiwekwa, basi. Kudhamini ni "guarantee", na mdhamini amefunga akiba yake mwenyewe mpaka deni lile liishe au apatikane mwingine wa kuchukua nafasi yake. Sahihi ni ile ile, kalamu ni ile ile, labda ya kuazima. Kinachotofautisha ni neno lililochapishwa juu ya mstari. Lisome kabla ya kuandika, na ukiona "jointly and severally", elewa kwamba hata kama mko wadhamini wanne, mkopeshaji anaweza kumfuata mmoja wenu kwa deni lote. Sheria ya Mikataba ya Kenya, sura ya 23, katika kifungu cha 3, inakulinda kwa jambo moja: ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine haiwezi kudaiwa mahakamani ila iwe imeandikwa na kutiwa sahihi. Maneno ya hotelini juu ya chai hayakufungi. Karatasi inakufunga.

Mikopo ya simu nayo ina Kiingereza chake. Tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, kisha Fuliza mwaka 2019 na Hustler Fund mwishoni mwa 2022, mkopo umekuwa jambo la kubonyeza, na matangazo yake huja na maneno mengine. Utaambiwa "access", "get", "unlock", "boost". Vyote ni vitenzi vya kupata. Hakuna kinachosema kwamba kitu kitarudi. Dawa ni moja: shuka chini kwenye ujumbe mpaka ukute "repay", "due" au "fee". Ukiona lolote kati ya hayo, umekopa, hata kama tangazo lilisema umefungua. Na kabla ya kupakua programu ya mkopeshaji usiyemjua, angalia kama yumo katika orodha ya Benki Kuu ya Kenya ya wakopeshaji wa kidijitali waliopewa leseni. Kanuni za kuwasimamia zilitoka mwaka 2022, na orodha iko wazi kwa umma.

Labda mtu ataniuliza, baada ya haya yote, kwa nini tunaandikiana kwa Kiingereza. Ni swali zuri. Kiingereza kilifika Masaku kabla reli haijafika Nairobi mwaka 1899, na tangu siku hizo kimekuwa lugha ya mhuri. Watu bado wanaamini kwamba karatasi isiyo ya Kiingereza haina nguvu. Si hivyo. Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na Sheria ya Mwenendo wa Madai inaruhusu mahakama za chini kuendesha kesi kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Deni la jirani na jirani, la chama na mwanachama, haliendi Mahakama Kuu. Kwa kawaida huishia kwa chifu, au kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na inayotakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60.

Basi kazi ya wiki hii ni hii. Kama wewe ni katibu wa chama, toa katiba yenu, tafuta kila mahali palipoandikwa "lend" na "borrow", na mbele ya kila kimoja andika kwa penseli jina la anayetoa na jina la anayepokea. Pale penseli itakapokwama, pelekeni kifungu hicho kwenye mkutano ujao mkiandike upya kwa Kiswahili: nani anakopa, nani anakopesha, kiasi gani, na mwisho lini.